MACHO YA KUWASHA: MTOTO ASIFIKICHE, MZAZI ASIKIMBILIE CHUPA

Mazungumzo haya yalitolewa Manda, wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, mbele ya wanakisomo na wazazi wa watoto wa shule. Yamechapwa kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.



Tunashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja. Tunajua saa hizi usipa uko mchangani unangoja kugeuzwa, na wengine mmekuja mguu mmoja hapa na mguu mmoja shambani kwenye mpunga. Kwa hiyo hatutazunguka sana.

Leo asubuhi tulipita ufukweni. Watoto walikuwa wakicheza mpira wa matambara. Golikipa wa upande mmoja, mtoto wa miaka minane au tisa hivi, alikuwa akifikicha macho kwa viganja vyote viwili mpaka mpira ukampita. Wenzake wakamzomea: mvivu, kipofu, mtoe golini! Akatoka, akakaa kwenye kivuli cha mtumbwi, akaligeuzia jua mgongo. Mnawajua watoto wa namna hiyo. Kila kijiji cha hapa ziwani wapo. Macho mekundu au yenye rangi ya udongo, machozi yanatiririka, jua hawalitaki, na mikono haitoki machoni.

Leo tunazungumza juu ya watoto hao.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hasikilizwi. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kijiji cha huku ziwani alimleta mwanawe katika zahanati tuliyokuwa tukifanya kazi. Mtoto alikuwa na miaka sita. Mama akasema, "Anajikuna macho usiku na mchana, hata usingizini." Tukamtazama mtoto haraka haraka, tukaona wekundu na machozi, tukasema hivyo ni vikope. Tukampa dawa ya kupaka, ile ya tetrasaiklini. Akarudi baada ya mwezi, tukampa tena. Akarudi mara ya tatu, tukampa tena, na safari hii tukamgombeza mama kwamba hamnawishi mtoto uso. Mama yule alikuwa akimnawisha vizuri sana. Hakurudi mara ya nne. Na kutorudi kwake ndiko kulikoleta hasara mtakayoisikia.

Ugonjwa wa mtoto yule haukuwa vikope. Ulikuwa ni aleji ya macho, au mzio kama wanavyosema watu wa Kiswahili siku hizi. Tena si ile aleji ndogo ya siku mbili baada ya kupepeta mahindi. Ni ile inayoshika utotoni na kukaa miaka.

Mzio ni nini? Chukueni mfano wa mgambo wa kijiji. Kazi yake ni kulinda. Akiona mwizi anapiga filimbi na watu wanatoka na marungu. Hiyo ni kazi njema. Lakini akipatikana mgambo ambaye kila mpita njia anampigia filimbi, bibi anayekwenda kuteka maji filimbi, mtoto anayetumwa chumvi filimbi, kijiji hakitalala. Watu watatoka na marungu kila saa, na mwisho watavunja nyumba zao wenyewe. Ndivyo ilivyo katika jicho la mtoto huyu. Mwili wake unaliona vumbi, au unga wa maua, au kinyesi cha vidudu vidogo vya nyumbani, unadhani ni adui mkubwa. Unapiga filimbi. Askari wanajaa jichoni. Jicho linavimba, linawasha, linatoa machozi na utando mzito unaovutika kama uzi wa ulimbo.

Na mtoto akifikicha anawaamsha askari zaidi. Anapata nafuu kwa dakika moja, halafu mwasho unarudi kwa nguvu. Hilo mlishike, tutalirudia.

Wazungu waliuita ugonjwa huu kwa jina la majira yao ya kuchipua, yale ya baada ya baridi kali, kwa sababu kwao unakuja na maua na kuondoka. Sisi hatuna majira hayo. Huku kwetu Afrika unaweza kukaa mwaka mzima, ukipanda na kushuka. Hupenda nchi za joto na ukavu. Kwa kawaida huanza kabla ya miaka kumi, huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na wengi huachwa nao wanapobalehe au karibu na miaka ishirini. Wachache huendelea nao hata ukubwani.

Si ugonjwa wa watoto wawili watatu tu. Katika Rwanda, nchi jirani, watafiti waliwapima watoto wa shule za msingi elfu tatu na zaidi, wakatangaza matokeo. Walikuta watoto wanne katika kila mia wanao. Hesabuni wenyewe: shule yenye watoto 500 ingekuwa na watoto 20 wa namna hiyo. Na walikuta unazidi katika sehemu za joto na ukavu.

Sasa tuseme jinsi ya kuutambua, ili mtu asifanye kosa tulilolifanya sisi. Vikope, au trakoma, navyo hukaa chini ya kope la juu, ndiyo maana tulichanganya. Lakini vikope vinaambukiza. Vinachukuliwa na nzi, na vidole, na kitambaa kimoja kinachofuta nyuso sita. Huko Kongwa, mkoa wa Dodoma, wamepigana navyo miaka mingi. Mtoto wa vikope mara nyingi ana uchafu wa macho na nzi usoni, na ndugu zake wanao pia. Mtoto wa mzio analalamika jambo moja kuliko yote: mwasho. Asiyewashwa ana ugonjwa mwingine. Ukiligeuza kope lake la juu unaweza kukuta vinundu vilivyopangana kama kokoto barabarani. Ukimtazama mbele, pale weupe wa jicho unapokutana na duara jeusi, unaweza kuona ukingo ulionenepa kama uji ulioganda, pengine na vidoti vyeupe juu yake. Na weupe wa jicho unageuka kahawia, rangi ya maji ya Ruhuhu wakati wa masika.

Rangi hiyo ya kahawia imewatia vijana wengi matatani. Mvulana akifika miaka kumi na mitano, ana macho mekundu-kahawia, anakwepa jua, anasinzia darasani kwa sababu usiku hakulala, watu wanasemaje? Bangi. Tumemwona kijana aliyechapwa viboko kwa bangi ambayo hajaigusa maishani mwake. Baba yake mwenyewe alimpekua mifuko kila jioni kwa miezi mitatu. Haya, na msisahau kwamba nchi hii hii, huko Usukumani, bibi wazee waliuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulikuwa wa moshi wa kuni walizotupikia. Kwa hiyo mtu akikuambia macho mekundu ni tabia mbaya, mwambie kwanza yapimwe.

Mwauliza kwa nini sisi wa ziwani. Tazameni mahali tunapoishi. Ziwa Nyasa liko chini, kama meta 475 tu juu ya bahari. Milima ya Livingstone imetuzunguka, joto linakaa hapa kama ndani ya chungu. Kiangazi upepo wa kusini unavuma, mchanga unaruka, pumba za mpunga zinaruka. Makambako iko juu zaidi ya meta 1,600, na Njombe inakaribia 2,000. Huko watu wanavaa makoti mwezi wa saba na sisi tunalala nje.

Tena kuna wale wadudu. Mnawajua, wale wanaoinuka katikati ya ziwa kama moshi wa meli, wingu linatembea juu ya maji, na likifika nchi kavu hamuwezi kufungua mdomo. Wenzetu wa upande wa Malawi huwaita nkungu na kuwakusanya wakawafanya mikate ya kitoweo. Huko Sudan, kando ya mto Nile, kuna wadudu wa maji wanaofanana nao kwa tabia ya kuruka makundi makundi, na ilithibitika kuwa waliwaletea watu pumu, mafua na macho ya kuwasha. Hatusemi wadudu wetu ndio wenye hatia yote. Mara nyingi mtoto wa ugonjwa huu hukasirishwa na vitu vingi kwa pamoja, na hata akipimwa kwa vipimo vikubwa hakipatikani kitu kimoja cha kukilaumu. Lakini siku wingu linapofika pwani, mtoto wako mwingize ndani ufunge mlango. Hilo halina gharama.

Basi turudi kwa mtoto wetu wa kwanza.

Mama yake alipoona dawa ya zahanati haisaidii, alimpeleka kwa mjomba wake Makambako. Mjomba alikuwa akibeba mizigo stesheni ya TAZARA. Mtoto akakaa huko miezi minne ya baridi, macho yakatulia karibu kabisa. Upepo hata Makambako upo, tena mkali, lakini ni wa baridi. Sasa watu wa kijijini wakasema nini? Wakasema, mnaona, ametolewa kwa wachawi wake amepona. Wakamtaja na bibi mmoja wa jirani kwa jina. Ilikuwa ni baridi tu, ndugu zangu. Joto hupandisha mwasho, baridi huushusha. Mtoto aliporudi Manda mwezi wa kumi, siku ya tatu mikono ilikuwa machoni tena, na yule bibi wa watu alikuwa amekwenda kwa binti yake Lupingu, hayupo hata kijijini.

Mama akachoka. Mtoto alikuwa darasa la kwanza, hakuweza kutazama ubao kwa sababu ya mwanga wa dirishani, mwalimu akamrudisha nyumbani mara kwa mara. Ndipo mtu akamwambia, kuna duka fulani wanauza dawa ya matone inayomaliza kabisa. Akanunua chupa. Akatia jioni. Asubuhi mtoto aliamka macho meupe. Mama alilia kwa furaha. Alituambia baadaye kwamba alipika wali siku ile, si sikukuu wala nini.

Ndugu wananchi, hapo ndipo tunapotaka mtusikilize zaidi.

Dawa ile ilikuwa ya jamii ya steroidi. Inawanyamazisha wale askari wote mara moja, ndiyo maana jicho linatulia usiku mmoja. Ni dawa ya kweli, madaktari wa macho wanaitumia. Lakini daktari anaitoa kwa siku au wiki alizozihesabu, anaipunguza kidogo kidogo, na anampima mtoto presha ya macho. Jicho lina maji ndani yake yanayoingia na kutoka. Steroidi ikitumika muda mrefu inaweza kuziba njia ya kutokea. Maji yanajaa, presha inapanda, na mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo unabanwa na kufa pole pole. Ugonjwa huo ni glakoma. Hauumi. Jicho ni jeupe, zuri, haliwashi. Kuona kunaanza kupotea pembeni, mtoto anagonga mlango, anakanyaga kuku, tunasema ana haraka. Kilichopotea hakirudi, hata ukienda ng'ambo. Dawa hiyo hiyo pia inaweza kuleta mtoto wa jicho kwa kijana asiye na mvi hata moja.

Mama yule alinunua chupa ya pili, na ya tatu. Kila akiacha, mwasho ulirudi, kwa hiyo hakuacha. Aliendelea karibu miaka miwili. Hakuna aliyemwambia, na sisi tuliokuwa na wajibu wa kumwambia tulikuwa tumemfukuza kwa maneno yetu ya kunawa uso. Alipomfikisha hospitali kubwa mtoto alikuwa na miaka tisa. Jicho la kulia lilikuwa limepoteza karibu nuru yote. La kushoto liliokolewa, anasoma nalo mpaka leo. Sasa ni kijana mkubwa, ana miaka kumi na saba, na mwasho umekwisha wenyewe kama unavyokwisha kwa wengi. Ugonjwa umemwacha. Hasara ya dawa ndiyo haikumwacha.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya kisomo. Ninyi ni wahitimu, mmejifunza kusoma ili msome. Kabla hujatia tone lolote katika jicho la mtoto, soma chupa. Majina yameandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha ya kigeni, lakini herufi ni zile zile za ubaoni. Ukiona neno linaloanza na DEXA, au BETA, au PRED, au HYDROCORT, simama hapo. Inawezekana pia neno hilo limejificha pembeni ya jina la dawa nyingine ya kuua vijidudu, zote mbili katika chupa moja. Muulize mtoa dawa: hii ina steroidi? Nani ameiandika? Kwa siku ngapi? Nani atampima mtoto presha? Asipojibu, usinunue. Na kama mwanao anaitumia tayari kwa muda mrefu, usikae nyumbani na khofu, mpeleke apimwe, mweleze mganga ukweli wote, beba na chupa yenyewe.

Dawa inayofaa kwa miezi mingi ni nyingine. Ipo ya matone iitwayo kromoglikati na jamaa zake. Hiyo haikimbizi adui, inajenga boma mapema. Inatiwa kila siku, mara nne kwa kawaida, na nguvu yake haionekani mpaka wiki mbili tatu zipite. Hapo ndipo wengi wanaiacha. Wanasema tumetia siku tano, bure, halafu wanarudi kwenye ile ya usiku mmoja. Je, nani anayejenga boma mbuzi wakiwa wamekwisha ingia shambani, halafu anailaumu miti? Kwa ugonjwa mkali hospitali kubwa wanayo na siklosporini. Ilijaribiwa Rwanda kwa wagonjwa zaidi ya 300, ikaonekana inasaidia sawa na steroidi, ingawa inachoma inapotiwa. Huku vijijini kuipata si rahisi, tusidanganyane.

Lakini dawa ya kwanza iko nyumbani. Maji baridi. Wale wenye mitungi ya Wakisi mnajua maji yake yanavyokaa baridi hata saa nane mchana. Chovya kitambaa safi, kamua, mwekee mtoto juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano au kumi. Akiwashwa tena, rudia. Kila anapotaka kufikicha, mpe kitambaa mkononi. Kumkataza tu haitoshi. Jaribu wewe mwenyewe kuumwa na mbu ukaambiwa usijikune. Mikono inataka kazi, kwa hiyo ipe kazi. Mnawishe uso akitoka kucheza na kabla ya kulala. Mto na mkeka vikung'utwe nje, mtoto akiwa mbali, vianikwe juani. Asilale karibu na magunia ya mpunga. Na kofia! Kofia yenye ukingo mpana, hata ya ukindu, inazuia jua na nusu ya vumbi. Walimu walioko hapa, tunawaomba msimvue mtoto huyu kofia akiwa uwanjani, na darasani mkalisheni mbele, mgongo kwenye dirisha.

Kwa nini tunang'ang'ania kufikicha? Sehemu ya mbele ya jicho ni kama kioo cha saa ya mkononi, laini na angavu. Mtoto anayefikicha miaka mitano, kumi, kioo kile kinaweza kukonda na kuchomoza mbele kama ncha ya yai. Hapo kila kitu anakiona kimepinda, na miwani ya kawaida haimfai. Na zile kokoto za chini ya kope zinaweza kukwaruza kioo mpaka kikafanya kidonda. Kwa hiyo ukiona mtoto wa mwasho sasa analia maumivu, au hawezi kabisa kufungua jicho, au kuna doa jeupe juu ya duara jeusi, usingoje kesho. Ni zahanati siku ile ile, na wakikuandikia kwenda hospitali ya wilaya Ludewa au Njombe, nenda. Wao wakishindwa watakuelekeza kwa madaktari wa macho wa hospitali ya rufaa Mbeya.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani. Mzibe jicho moja kwa kiganja, aseme una vidole vingapi ukiwa hatua sita. Kisha la pili. Fanyeni kila mwisho wa mwezi, muandike katika daftari lenu la kisomo. Mtoto hasemi kwamba jicho moja limezimika, kwa sababu lile lingine linamtosha.

MASWALI

Mzee mmoja aliuliza kama ugonjwa unaambukiza, maana wajukuu wake wanne wanalala mkeka mmoja.

Hauambukizi, mzee wetu. Hata wakitumia taulo moja, ingawa taulo moja si jambo zuri. Lakini unatembea katika ukoo: mara nyingi mwenye macho hayo ana ndugu mwenye pumu au upele wa kuwasha.

Mama mmoja aliuliza, "Basi nimpeleke mwanangu akae Makambako mpaka akue?"

Tulimjibu kwamba akiwa na ndugu wa kumtunza vizuri, miezi ya joto kali inaweza kumpunguzia taabu. Lakini mtoto hahamishiwi kwa mjomba kama mzigo kwa ajili ya macho tu. Kitambaa cha baridi, kofia na dawa ya kila siku vinafanya kazi hata Manda. Na akienda, chupa na daftari viende naye, mjomba naye aelezwe.

Mganga mmoja wa kienyeji, mzee anayeheshimiwa hapa, alisimama. Tunaandika maneno yake kwa kuwa alituruhusu. Alisema, "Kila mkija mnasema dawa zetu za miti zinapofusha. Na ile chupa yenu iliyompofusha kijana, mti wake unaota wapi?"

Watu walicheka sana, nasi tulicheka, lakini tulikuwa tumepigwa. Alikuwa na haki. Tulimjibu hivi: Mzee, chupa na mti tunavipima kwa mizani moja. Mwaka 1994 madaktari wawili, Yorston na Foster, walitangaza habari za wagonjwa wa Tanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho. Mmoja katika kila wanne alikuwa amekwisha kutia dawa za kienyeji. Utomvu unachoma. Mkojo na maji ya mizizi yaliyolala yana vijidudu. Na kukwangua kope kwa jani la msasa kunaondoa kokoto leo na kuacha kovu la maisha. Hatukuombi uache kazi yako. Tunakuomba kisiingie kitu ndani ya jicho. Mtu akija kwako na mtoto wa mwasho, mwekee kitambaa cha baridi, kaa naye, zungumza naye, kisha mlete kwetu.

Alikaa kimya, halafu akauliza kitambaa kinakaa dakika ngapi. Tukamwambia tano mpaka kumi. Akasema hata mama yake alikuwa akifanya hivyo kwa maji ya mtungi, na yeye alidhani ni mambo ya kike.

Jua limeshuka na usipa unawangoja. Kesho asubuhi tutakuwepo hapa hapa chini ya mwembe kabla ya kuondoka kwenda Ludewa. Wenye watoto wa macho ya kuwasha waleteni, hata wale vijana wakubwa wanaoona haya. Na kila mwenye chupa ya matone nyumbani, iwe imejaa, nusu au tupu, aje nayo. Tutakaa kwenye benchi na kuzisoma pamoja, herufi kwa herufi.